Madai katika mikataba ya ujenzi: yanakotoka na namna ya kuyaepuka

Katika ujenzi, dai ni ombi rasmi la haki inayotokana na mkataba au sheria: kulipwa zaidi, kuongezewa muda, au vyote viwili. Mkandarasi humdai mwenye mradi, na mwenye mradi naye humdai mkandarasi, kwa mfano fidia ya kuchelewa au gharama ya kurekebisha kazi mbovu. Dai si mgogoro. Huwa mgogoro likikataliwa au likipuuzwa, na aliyelitoa asikubali.

Mengi huanzia kwenye karatasi, kabla hata msingi haujachimbwa. Mchoro unasema hivi, jedwali la vipimo na bei linasema vile. Udongo haukupimwa vya kutosha, kisha wachimbaji wanakutana na mwamba au maji. Mengine huja baadaye: eneo la kazi linakabidhiwa kwa kuchelewa, malipo yanakwama, au mabadiliko yanaagizwa kwa mdomo huku watu wakitembea kati ya nondo.

Agizo la mdomo ndilo linalowaponza wengi, ingawa dawa yake ni rahisi. Kitabu chekundu cha FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) cha mwaka 1999, mkataba wa mfano unaotumika nchi nyingi, kinampa mkandarasi siku mbili za kazi kuthibitisha kwa maandishi agizo alilopewa kwa mdomo. Mhandisi anayesimamia mkataba kwa niaba ya mwenye mradi asipolikanusha kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi tangu apokee uthibitisho huo, linahesabika kuwa agizo la maandishi. Barua ya mistari mitatu inatosha.

Kitabu hichohicho, kifungu cha 20.1, kinamtaka mkandarasi atoe notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio linalomfanya adai. Zikipita, hapati muda wala fedha, hata kama hasara ni ya kweli kabisa. Siku hizo hazianzi pale hesabu ya hasara inapokamilika. Zinaanza pale alipojua, au alipopaswa kujua, tukio lenyewe. Notisi haihitaji kiasi cha fedha, kwani maelezo kamili yana muda wake: siku 42 katika toleo la 1999, na 84 katika toleo la 2017, ambalo limemfunga mwenye mradi pia kwa masharti hayo ya notisi. Wakandarasi wengi hukaa kimya wakihofia kuharibu uhusiano. Naona hofu hiyo haina msingi: notisi ya mapema humpa mwenye mradi nafasi ya kuondoa tatizo lingali dogo, na mikataba ya NEC, mikataba mingine ya mfano iliyotoka Uingereza, inawataka mkandarasi na meneja wa mradi watoe tahadhari mapema kwa sababu hiyo.

Notisi pekee haitoshi. Lazima uonyeshe kwamba tukio ndilo lililoleta hasara. Tuseme michoro ya paa imechelewa wiki tatu, lakini kuta nazo hazijafika usawa wa paa. Kuchelewa kwa michoro hakukusimamisha chochote, na nyongeza ya muda itakuwa ngumu kupatikana. Kwa hiyo ratiba isahihishwe kila hali inapobadilika, na shajara ya kila siku ionyeshe idadi ya mafundi, mitambo iliyosimama, hali ya hewa na picha zenye tarehe. Kumbukumbu zinazotungwa baada ya ugomvi kuanza hazina uzito huo.

Kwa mwenye mradi, kinga kubwa ni kukamilisha usanifu kabla ya zabuni, kupima udongo, na kutaja mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kuagiza mabadiliko. Bei ya mabadiliko na athari yake kwa muda vikikubaliwa kabla ya kazi kuanza, hakuna cha kubishania baadaye.

Pande zikishindwana, toleo la 2017 linapeleka suala kwa bodi ya kuzuia na kuamua migogoro, ambayo kwa kawaida hutoa uamuzi ndani ya siku 84. Asiyeridhika ana siku 28 za kusema hivyo kwa maandishi. Akinyamaza, uamuzi unakuwa wa mwisho na unawafunga wote wawili.