Je, wajua Ulaya ilijifunzaje sayansi kwa Waislamu huku ikipigana nao?

Wengi tunadhani Vita vya Msalaba ndo vilileta elimu Ulaya, eti wanajeshi walienda Jerusalem wakarudi na vitabu. Hapana. Jerusalem ilipotekwa mwaka 1099 Waislamu na Wayahudi walichinjwa, na ukishamuua anayejua kukisoma kitabu, kitabu chenyewe kitakusaidia nini? Elimu nyingi ilipitia Hispania, hasa Toledo.

Toledo ilikaa chini ya Waislamu zaidi ya miaka 370 mpaka mfalme Alfonso wa 6 alipoichukua mwaka 1085, ila mji ulisalimu amri kwa makubaliano, haukuchomwa. Si ahadi zote zilizotimizwa, msikiti mkuu uligeuzwa kanisa, na hilo linauma kwa kweli, lakini vitabu vilibaki, na watu wa kuvisoma walikuwepo, Wayahudi na Wakristo wa hukohuko waliokuwa wanaongea Kiarabu tangu utotoni.

Sasa kuna huyu Gerard wa Cremona, Mwitaliano. Alikuwa anakitafuta kitabu cha elimu ya nyota cha Ptolemy, msomi wa kale aliyeandika kwa Kigiriki, kwa Kilatini hakipati, akafunga safari hadi Toledo akajifunza Kiarabu ukubwani, na alipokuja kukuta vitabu vingine vya Kiarabu vimejaa kila fani akaona huruma jinsi kwao walivyokosa. Mpaka anafariki mwaka 1187 alishatafsiri vitabu zaidi ya 70, ikiwemo Kanuni ya tiba ya Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Kiislamu, ambayo vyuo vikuu vya Ulaya viliifundishia madaktari hadi miaka ya 1600!

Mara nyingi kazi ilifanywa na watu wawili. Kitabu cha Ibn Sina kuhusu roho, Myahudi Avendauth alikuwa anasoma Kiarabu na kukisema neno kwa neno kwa lugha ya kawaida ya watu wa huko, na padri Dominicus Gundissalinus pembeni anaandika Kilatini. Hebu fikiria kitabu kizima hivyo.

Na vita haikuwa mbali. Mwaka 1143 Robert wa Ketton alimaliza kutafsiri Qurani, kazi aliyopewa na Peter, mkuu wa watawa wa Cluny huko Ufaransa, aliyetaka kuupinga Uislamu kwa hoja, sasa utampingaje mtu bila kusoma anachoamini?

Hata sifuri yetu ni *sifr* ya Kiarabu. Mwaka 1202 Fibonacci, mwanahisabati Mwitaliano, aliiandika *zephirum*, Waitaliano wakaikatakata mpaka ikawa *zero*.