Handikapu ya gofu: namba inayopimwa kwa siku zako nzuri

Ukisoma matokeo ya mashindano ya klabu, unaweza kukuta mchezaji aliyepiga mikwaju 93 amebeba kikombe, na aliyepiga 78 yuko nafasi ya tatu. Hakuna aliyependelewa. Wa kwanza alicheza kwa handikapu ya 24, kwa hiyo mikwaju yake ya neti ni 69. Yule wa 78 alicheza kwa 6, neti yake ni 72. Handikapu ni mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake, ili anayeanza na aliyebobea waweze kushindana kwa haki kwenye uwanja mmoja. Sijui mchezo mwingine mkubwa unaolifanya jambo hili kwa umakini kama gofu.

Wengi wanaamini kwamba handikapu ni wastani wa mchezo wako. Sivyo. Inapimwa kwa raundi zako bora tu. Mfumo huangalia raundi 20 za mwisho, unachagua 8 nzuri kuliko zote, unapata wastani wake na kuziacha 12 zilizobaki. Namba inayotoka huitwa indeksi ya handikapu. Inasema unaweza kucheza vipi ukiwa sawasawa, wala si unavyocheza kila Jumamosi. Ndiyo maana siku nyingi utarudi na alama mbaya kuliko handikapu yako, na hilo halimaanishi umeshuka kiwango.

Kanuni hizi ni za mfumo wa dunia ulioanza kutumika Januari 2020 chini ya R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, ukichukua nafasi ya mifumo sita iliyokuwa ikitumika katika nchi mbalimbali. Leo mchezaji wa Nairobi akienda kucheza Scotland, indeksi yake inaeleweka kule bila maelezo.

Sasa hesabu yenyewe. Viwanja havilingani, kwa hiyo mikwaju 95 ya uwanja mmoja si sawa na 95 ya mwingine. Kila uwanja uliopimwa una namba mbili, na hutofautiana kulingana na tii, yaani mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza, unayoanzia. Ya kwanza ni kiwango cha uwanja: mikwaju ambayo mchezaji wa handikapu sifuri anatarajiwa kupiga hapo, kwa mfano 71.4. Ya pili ni slopu, kati ya 55 na 155, na uwanja wa kawaida huhesabiwa kuwa 113.

Slopu ndiyo inayowachanganya watu, hata waliocheza miaka mingi. Haipimi vilima, na haipimi ugumu wa uwanja kwa jumla. Inapima kitu kimoja: uwanja unamwadhibu mchezaji wa kawaida kwa kiasi gani zaidi ya unavyomwadhibu hodari. Wapimaji huwafikiria wanaume wawili, mmoja wa handikapu sifuri anayepiga mpira yadi 250 kutoka kwenye tii, na mwingine wa handikapu kama 20 anayepiga yadi 200. Kwa wanawake ni yadi 210 na 150. Bwawa lililo yadi 190 kutoka kwenye tii halimsumbui yule wa kwanza, lakini kwa wa pili ni balaa, na slopu inapanda. Bwawa hilo likisogezwa hadi yadi 250, wa kuumia ni hodari. Wazo la kumweka mchezaji wa kawaida ndani ya vipimo, badala ya kumtazama hodari peke yake, lilisukumwa na Mmarekani Dean Knuth, na kwa maoni yangu ndilo lililoifanya handikapu iwe ya haki. Wapimaji huangalia pia upepo, urefu wa nyasi, na hata mwinuko wa mahali: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mpira huruka mbali zaidi kuliko Mombasa au Dar es Salaam.

Tumchukue mchezaji tumwite Juma. Amepiga 95 kwenye uwanja wa kiwango 71.4 na slopu 128. Toa 71.4 kwenye 95, unabaki na 23.6. Zidisha kwa 113, gawanya kwa 128, unapata 20.8. Hiyo ndiyo tofauti ya raundi yake. Siku ya mvua au upepo mkali, ambapo karibu kila mtu amecheza vibaya, mfumo unaweza kufanya marekebisho kidogo kabla ya hesabu hii. Tuseme kati ya tofauti zake 20, nane za chini ni 18.8, 18.9, 19.4, 19.7, 20.1, 20.5, 20.8 na 21.0. Wastani wake ni 19.9. Indeksi ya Juma ni 19.9.

Lakini Juma hachezi kwa 19.9. Kila uwanja anakokwenda indeksi hubadilishwa: unaizidisha kwa slopu, unagawanya kwa 113, kisha unaongeza kiwango cha uwanja na kutoa pari, yaani idadi kamili ya mikwaju iliyowekwa kuwa kipimo cha shimo au cha uwanja mzima. Kwenye ule uwanja wa slopu 128, wenye pari 72, anapata 22. Akienda kwenye uwanja mwepesi wa slopu 105, kiwango 68.9 na pari 70, anapata 17. Mtu yule yule, wiki ile ile, anapungukiwa mikwaju mitano bila kosa lolote. Baadaye kuna asilimia ya aina ya mashindano: katika mashindano ya kuhesabu jumla ya mikwaju, kila mtu peke yake, kwa kawaida ni asilimia 95, hivyo ile 22 inakuwa 21. Katika mechi ya mtu kwa mtu, inayoshindaniwa shimo kwa shimo, hutumika asilimia 100 na inayohesabika ni tofauti kati yenu. Juma wa 22 akicheza na mwenzake wa 8, atapewa mkwaju mmoja kwenye kila shimo kati ya mashimo 14 yaliyoorodheshwa juu kwa ugumu kwenye kadi.

Shimo moja baya haliruhusiwi kuharibu kumbukumbu yako. Kwa ajili ya handikapu, alama ya juu ya shimo ni pari, jumlisha mikwaju miwili, jumlisha mikwaju unayopewa hapo. Juma wa 22 ana mkwaju mmoja kila shimo, na wa pili kwenye mashimo manne magumu zaidi. Kwenye shimo la pari 4 lililo la pili kwa ugumu, kikomo chake ni 8. Akizama majini mara tatu na kumaliza kwa 11, kadi ya mashindano inabaki na 11, ila kwenye hesabu ya handikapu inaingia 8.

Hapa ndipo uaminifu unapoingia, nami nalichukulia suala hili kwa uzito. Wako wanaorudisha kadi mbaya na kuficha nzuri, handikapu ipande, kisha siku ya mashindano yenye zawadi nono wanaangusha neti ya 61. Huo ni wizi, na anayeibiwa ni yule mwanachama anayerudisha kila kadi. Mfumo una kinga zake. Ukicheza vizuri kuliko indeksi yako kwa 7.0 au zaidi, indeksi inakatwa pointi 1 ya ziada, ikifika 10.0, zinakatwa 2. Na indeksi haiwezi kupaa ovyo: ikizidi ile ya chini kabisa ya miezi 12 iliyopita kwa zaidi ya 3.0, kinachozidi kinakatwa nusu, na mwisho wa kupanda ni 5.0. Lakini hakuna hesabu inayoweza kuiona kadi ambayo haikurudishwa. Kamati ya klabu inapaswa kuwafuata watu hawa, na inao uwezo wa kuwarekebishia handikapu.

Anayeanza anahitaji kadi za mashimo 54 tu, yaani raundi tatu kamili au mchanganyiko wa raundi za mashimo 9 na 18. Kwa raundi tatu huchukuliwa tofauti ya chini kabisa na kutolewa 2.0: ukiwa na 44.0, 41.3 na 38.6, unaanza na 36.6. Kikomo cha juu ni 54.0, kwa wanaume na wanawake. Usishangae namba hiyo ikirukaruka mwanzoni, maana kila kadi mpya ina uzito mkubwa hadi utakapofikisha raundi 20.