Miezi minne ya kutazama kiota cha furukombe, Ziwa Duluti

Mwanafunzi anayeletwa kwa mara ya kwanza kutazama kiota cha tai mwezi wa Juni kwa kawaida huchoka ndani ya saa moja. Anaona rundo la vijiti juu ya mti, anaona kichwa cheupe kimechomoza ukingoni mwa rundo hilo, kisha haoni lolote tena hadi mkono ulioshika darubini unapoanza kutetemeka. Tunapomuuliza ameona nini, hujibu kwamba tai amelala. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtazamaji wa aina hiyo, kwa kuwa tai yule hajalala. Yuko kazini, na kazi yake ya kukaa ndiyo inayoamua kama msimu utatoa kinda au hautatoa.

Ndege tunayemzungumzia ni furukombe, ambaye wengi humwita tai mlasamaki na ambaye jina lake la kisayansi lililozoeleka ni Haliaeetus vocifer. Kichwa, kifua na mkia wake ni vyeupe, tumbo na mabega yana rangi ya kahawia inayoelekea kutu, na mabawa ni meusi. Jike ni mkubwa kuliko dume, jambo linalowashangaza watu waliozoea jogoo na mtetea: jike huwa na kilo 3.2 hadi 3.6, wakati dume ana kilo 2 hadi 2.5, na tofauti hiyo huonekana vizuri wanapotua tawi moja. Wazambia wamemweka kwenye bendera yao. Asichanganywe na mlasamaki mwingine, Pandion haliaetus, anayetufikia kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi ya huko. Huyo ni mgeni. Hutaga na kulea kwao, na anayemwona hapa mwezi wa Januari asipoteze muda kutafuta kiota chake.

Ziwa Duluti liko kilomita zipatazo 14 kutoka katikati ya jiji la Arusha, upande wa Tengeru, pembeni kidogo ya barabara kuu iendayo Moshi. Ni ziwa dogo lililojaa kwenye kreta ya volkano ya zamani, msitu umelizunguka, na nje ya msitu yako mashamba na makazi ya watu. Jozi tuliyoifuatilia ilikuwa na kiota kwenye mkuyu mrefu unaoelekea majini. Mti wenyewe sitautaja, na sababu yake nitaieleza baadaye. Kiota cha furukombe kinaweza kufikia upana wa mita 1.2 hadi 1.8, na kwa kuwa jozi hukirudia mwaka hadi mwaka na kukiongezea vijiti vipya juu ya vya zamani, hugeuka kuwa jengo zito ambalo baadhi ya matawi hushindwa kulibeba. Katikati wameweka shimo la kina kifupi lililotandikwa nyasi, majani na vipande vya mafunjo.

Karibu na ikweta furukombe anaweza kutaga katika miezi mbalimbali, lakini hupendelea kiangazi, na anayefahamu namna anavyovua ataielewa sababu mara moja. Tai huyu hazami majini. Hukaa kwenye tawi lililo wazi, hutazama, na anapomwona samaki karibu na uso wa maji hushuka kwa mteremko, hurusha miguu mbele dakika ya mwisho na kumkwapua. Nyayo zake zina vinundu vikali vinavyozuia samaki mtelezi asiponyoke. Yote hayo hutegemea jicho kuona ndani ya maji. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua hushusha udongo kutoka kwenye mashamba na njia, maji huchafuka, na uvuvi wa kutumia jicho huwa mgumu. Mvua zikiisha, udongo hutuama, maji hurudi kuwa angavu, na mvuvi mmoja sasa anaweza kulisha midomo mitatu au minne.

Hatukuyaona mayai, wala mtazamaji mwenye adabu hapaswi kuyaona. Tulichokiona ni mabadiliko ya mwenendo. Hadi tarehe 8 Juni jike alikuwa akisimama kiotani, akipanga vijiti na kuondoka. Tarehe 9 alishuka taratibu, akajitikisa upande huu na upande ule kama mtu anayetafuta sehemu nzuri ya kukalia, kisha akatulia. Hakuondoka hadi dume alipokuja. Tuliandika siku hiyo kuwa siku ya kwanza. Furukombe hutaga yai moja hadi matatu, mara nyingi mawili, kwa kupishana siku kadhaa, na huatamia kwa siku 42 hadi 45. Dume naye huatamia, lakini zamu zake ni fupi. Sehemu kubwa ya kazi ni ya jike, na dume ndiye anayemletea chakula.

Kwa wakazi wa Arusha sina haja ya kueleza hali ya Juni na Julai. Mawingu hushuka kutoka Mlima Meru, ukungu hutanda hadi saa nne, na watu hutembea na makoti. Juu ya mkuyu jike amelala juu ya mayai yanayohitaji joto la mwili wake usiku na mchana, manyoya ya tumboni ameyatawanya ili ngozi iyaguse mayai. Kila baada ya muda huinuka kidogo, huingiza mdomo wake uliopinda kati ya miguu na kuyageuza mayai kwa uangalifu ambao sijauona kwa kiumbe mwingine mwenye silaha kama zile. Kucha hukunjwa kuwa ngumi kabla hajapiga hatua yoyote ndani ya kiota. Tendo hilo huchukua sekunde chache tu, na ukilikosa utasema umetazama asubuhi nzima bila kuona kitu.

Hapa naomba nieleze kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa bado najifunza kazi hii, niliona kwamba kijiti kimoja kinanizibia, nikasogea chini ya mti wa jozi nyingine nipate picha nzuri zaidi. Jike aliinuka, akazunguka angani akilia, akakataa kurudi wakati mimi nipo. Nilidhani nikikaa kimya atanizoea. Kunguru wawili walitua kwenye tawi la jirani na kuanza kukiangalia kiota, na hapo ndipo nilipofahamu nimefanya nini. Niliondoka haraka, naye akarudi kabla kunguru hawajaingia, lakini mayai yalikuwa yamebaki wazi kwenye ubaridi kwa karibu nusu saa. Tangu wakati huo tunakaa mita 150 au zaidi, na ishara tunayoiheshimu kuliko zote ni hii: tai akiacha alichokuwa akifanya na kukutazama wewe, umeshasogea kupita kiasi. Rudi nyuma usisubiri aruke.

Tarehe 22 Julai ukaaji wa jike ulibadilika. Hakulala tena bapa; alikaa juu juu, mabawa yameachana kidogo na mwili kama mtu aliyejifunika kanga huku amempakata mtoto. Dume alipoleta perege majira ya saa moja na nusu, jike hakumla kama ilivyokuwa desturi. Alimkanyaga kwa mguu mmoja, akachuna nyama nyembamba kama uzi, akainamisha kichwa polepole hadi kikapotea ndani ya kiota, akakaa hivyo kwa muda, akakiinua na kuchuna tena. Kinda aliyetoka kwenye yai siku hiyo hana nguvu ya kutosha hata kukiweka kichwa chake sawa. Anapoyumba, mama hungoja. Ndani ya darubini tulihesabu vipande kumi na moja kabla hajameza kimoja mwenyewe.

Kuanzia hapo tulihesabu samaki. Kila samaki aliyeletwa tuliandika saa aliyofika, nani amemleta na ukubwa wake ukilinganishwa na urefu wa mguu wa tai. Ni kazi ya kuchosha lakini ina faida kubwa kuliko picha yoyote, kwa sababu daftari la namna hiyo linakueleza habari za ziwa lenyewe. Kulipokuwa na upepo mkali, maji yakiwa na mawimbi, dume alirudi mara nyingi bila kitu. Kulipokuwa shwari alivua mapema, akala kichwa cha samaki huko huko kwenye tawi, akaleta kilichobaki. Samaki akiwa mzito kuliko uwezo wake, furukombe hamwachilii; hukaa juu ya maji na kupiga makasia kwa mabawa hadi ufukweni. Tulishuhudia hilo mara moja tu, na jike alisimama kiotani muda wote akitoa ile sauti ya chini ya mkwaruzo wanayoitumia wakiwa karibu na kiota, tofauti kabisa na ule mlio mkubwa wa kurusha kichwa nyuma unaosikika ziwa zima.

Siku ya kumi na mbili tangu kuanguliwa, vichwa viwili vyenye malaika ya kijivu vilionekana kwa pamoja. Wageni waliokuwa nasi walifurahi sana, nasi tulilazimika kuwaeleza jambo gumu. Kwa kuwa mayai hutagwa kwa kupishana na uatamiaji huanza mapema, kinda wa kwanza huwa ameshamtangulia mdogo wake kwa siku kadhaa, na katika umri ule siku hizo ni tofauti kubwa ya mwili. Mkubwa humdonoa mdogo, hasa chakula kinapokuwa haba, na mzazi haingilii. Siku ya kumi na saba tuliona kichwa kimoja. Watu huuliza kwa nini hatukupanda kumwokoa yule wa pili. Jibu letu ni kwamba mkono wa binadamu kiotani ungeweza kuwapoteza wote wawili, na kwamba jozi hii ililea kinda mmoja kwa sababu mmoja ndiye aliyewezekana kwa samaki waliopatikana. Kusema hivyo hakuondoi uchungu wa kuona.

Sasa nirudi kwenye suala la kutotaja mti. Uskoti wana historia yenye mafunzo kuhusu yule mlasamaki mwingine, Pandion haliaetus, aliyekuwa ameacha kuzaliana huko kwa miaka mingi kutokana na kuwindwa na kuibiwa mayai. Mwaka 1954 jozi ilirudi na kuzaa karibu na ziwa la Loch Garten. Wezi wa mayai nao wakarudi, na mwaka 1958 kiota kiliporwa. Mwaka uliofuata RSPB, shirika la Uingereza la kulinda ndege, lilifanya uamuzi wa kijasiri: badala ya kuficha, liliweka ulinzi wa usiku na mchana na kuwaalika wananchi waje kutazama kutoka kwenye kibanda kilicho mbali. Maelfu walikuja, na makinda walikua. Nauheshimu sana uamuzi huo, lakini kiini chake ni ulinzi. Pasipo mlinzi wa saa ishirini na nne, picha moja iliyosambazwa kwenye simu ikiwa na mahali ilipopigwa inatosha kuleta watu thelathini chini ya mti Jumamosi moja. Kwa hiyo piga picha, lakini usitangaze mahali hadi kinda awe ameruka. Ikumbukwe pia kwamba ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kuwakamata bila kibali ni kosa.

Kwa wanaovua kwa ndoana ninalo ombi moja. Mshipi wa nailoni uliokatika usiuache ufukweni. Ndege hujinasa miguu na mabawa kwenye uzi kama huo, na kinda aliyefungwa mguu hawezi kuruka siku yake ikifika. Uviringe mkononi, uutie mfukoni, uende nao nyumbani.

Mwishoni mwa Agosti kinda alikuwa ameota manyoya ya kahawia yenye michirizi, bila dalili yoyote ya kile kichwa cheupe cha wazazi wake; sura hiyo huchukua miaka minne hadi mitano kukamilika. Katikati ya Septemba alianza kurarua samaki mwenyewe, vibaya mwanzoni, akivuta upande ambao ameukanyaga. Alisimama ukingoni akipiga mabawa upepo ulipovuma, akainuka kiasi cha kiganja, akatua tena. Jike hakukaa tena kiotani. Alikuwa kwenye mti wa jirani, akikilinda kwa macho, na mara kadhaa alimfukuza kenge aliyekuwa akipanda shina.

Tarehe 3 Oktoba, siku ya 73 tangu kuanguliwa, dume alikuja na perege kutoka upande wa mashariki wa ziwa. Kinda alilia na kuinama kama kawaida yake. Dume alipita juu ya kiota bila kutua, akavuka ghuba ndogo, akatua kwenye mti mkavu na kumkanyaga samaki wake. Kinda alilia kwa dakika nyingi, akatembea hadi mwisho wa tawi, akarudi, akaenda tena. Kisha miguu iliachia. Alishuka chini mno, karibu aguse maji, akapiga mabawa kwa fujo, akapanda, akaudaka ule mti mkavu kwa kucha na kifua kwa pamoja. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Dume alimsogezea samaki kwa mguu, akaruka kurudi ziwani.