Mti wa tani 31 kule Kakamega

Juzi nikiwa Kisumu naingiza kwa laptopu data ya msitu wa Kakamega, ile ya kukadiria uzito na kaboni ya miti, nikaona mti mmoja una tani 31. Tani 31! Mti wenyewe naujua, ni wa kawaida tu, tuliupima jioni mvua ikinukia na aliyekuwa anajaza fomu ni mimi, kwa hivyo sina wa kulaumu. Tepu ilisoma sentimita 188, huo ni mzunguko wa shina, mimi nikauandika kwa safu ya kipenyo. Gawa kwa 3.14 upate 60 hivi, na mti unarudi tani 3.3.

Sasa hizi tani zinatoka wapi, maana watu hudhani tunatembea na mizani msituni. Hatukati mti. Kuna miti ilishakatwa zamani sehemu nyingi za tropiki, ikapimwa kipande kwa kipande, sampuli zikakaushwa kwa oveni ya digrii 105 mpaka uzito ukaacha kushuka. Fomyula wengi wetu tunatumia ni ya mtafiti Chave na wenzake ya 2014, iliyotokana na miti 4,004. Unachukua uzito wa mbao kwa gramu kwa kila sentimita ya ujazo, unazidisha na kipenyo kwa kipeo cha pili, unazidisha na urefu kwa mita, jibu unalipandisha kwa kipeo cha 0.976, halafu mara 0.0673, hapo una kilo za mti mkavu bila mizizi. Kaboni ni kama asilimia 47 ya hizo kilo, na ukitaka hewa ya kaboni dayoksaidi zidisha kaboni na 3.67. Basi.

Shida iko kwa kipenyo, kwa sababu kinaingia mara mbili. Ule mti wangu wa sentimita 60, urefu mita 30, mbao ya 0.6, ukikosea ukasoma 70 unaongeza zaidi ya tani nzima ya mti ambao haupo. Na kukosea ni rahisi ajabu. Tunapima mita 1.3 kutoka chini, kama ni mteremko unasimama upande wa juu, sasa hapo kwa mita 1.3 unakuta mtambaazi umenenepa kama mkono, inabidi uuinue upitishe tepu chini yake, na wakati huo siafu wameshafika magotini. Mti wenye mizizi iliyosimama kama kuta unapanda juu yake kwanza ndo upime. Wavivu hupima palepale chini, nkt.

Mbao nayo usiikisie. Mti wa mutere ni mwepesi, karibu 0.4, na ukiupa 0.6 kwa sababu umechoka kutafuta jina lake umeuongezea karibu nusu ya uzito wake.

Na msiniambie eti satelaiti itapima yenyewe. Hata GEDI, ile leza iliyopelekwa kituo cha anga mwishoni mwa 2018, haioni kilo, inaona urefu wa majani na vile yamepangana, kilo inafundishwa na ploti, vipande vya msitu tulivyopima mti kwa mti, kama zetu za mita 20 kwa 50. Ukiifundisha na mti wa tani 31 itaamini.

Tukitoka msituni mama mmoja akatuita kwake, ana mutere kwa mpaka wa shamba, akasema, "Kijana yangu, nasikia kaboni inalipa, huu wangu ni pesa ngapi?" Nikaupima, kipenyo 45, urefu kama mita 22. Nikamwambia, mama, huu ni kama kilo 950 ukikauka, hewa iliyofungwa humo ni tani 1.6 hivi. Akafurahi. Ikabidi niongeze kwamba hiyo ni akiba ya miaka yote tangu uote, na mradi wa kaboni kwa kawaida haulipi mti kwa kuwepo tu, unahesabu kilichoongezeka tangu mradi uanze ama kilichookolewa kisikatwe, na mti mmoja hata gharama ya kuja kuupima haurudishi, mpaka waungane watu wengi wenye mashamba.

Akauangalia, akaupiga kofi shina. "Na fundi wa mbao alinipea bei wiki jana," akasema, akaingia jikoni kutuletea chai.