Usimtafute nguru, tafuta vibua

Vijana wanaonifuata pwani ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, huanza na swali moja: nahodha, tufunge chambo gani? Washanunua vyambo vya plastiki vya kila rangi, na bado wanarudi mikono mitupu. Kazi yangu ni kurambaza, yaani kuburuta mishipi nyuma ya boti inayokwenda, na naona swali lao linakuja mapema mno. Chewa ana pango lake, ukilijua utamkuta. Nguru, jodari, felusi na samsuli hawana pango. Wanafuata vibua, dagaa na chuchunge, na hao vibua wenyewe wanafuata maji. Basi anza na maji.

Mkondo wetu mkubwa unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, unakimbia; wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, unapoa. Baina ya Unguja na bara kina hakifiki mita 100, lakini ukiipa Nungwi mgongo kuelekea Pemba bahari inazama, na baina ya Pemba na bara hufika mita 800 hivi. Kabla hujafika Pemba kuna fungu la Leven Bank, kilima kilicho chini ya maji. Maji yanayokuja kutoka kusini yakiligonga fungu lile hayana pa kwenda ila juu. Yanapanda na chakula chake, samaki wadogo wanakusanyika, na wakubwa wanawangojea pale pale maji yanapogonga kwanza. Naona boti zikizunguka asubuhi nzima upande wa pili, kwenye maji yanayochemka, kwa kuwa panavutia macho. Mimi huanza ukingo wa kusini, maji yanapoanza kwenda baada ya kusimama. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ndizo nizipendazo. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, yanavulika pia, lakini utahangaika zaidi.

Magharibi ya Pemba mambo ni mengine kidogo. Maji yakipwa, yanatoka kwenye ghuba na mikoko yakiwa na rangi ya tope, yanakwenda kukutana na buluu ya nje. Pale yanapokutana utaona mstari wa povu, mwani na majani ya mikoko, pengine na gogo. Rambaza kuufuata mstari huo, upande wa buluu. Na karibu na kisiwa cha Misali uliza kwanza: kuna sehemu ya maji imefungwa kwa uvuvi, na iheshimiwe.

Baada ya maji, tazama membe, ndege wa baharini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Membe wanaoruka juu, wametawanyika, wanatafuta kama wewe. Wafuate kwa mbali, taratibu. Wakishuka chini na kujikaza mahali pamoja, wakichota maji kwa midomo, chini yao kuna jodari amewabana dagaa. Ukiona hivyo, punguza mashine. Ukipasua katikati ya kundi, jodari watazama na hutawaona tena, na boti nyingine zote zitakosa kwa ajili yako. Pita goshini, upande unakotoka upepo, uwazunguke, mishipi yako iburute pembeni mwa kundi huku boti ikiwa mbali nalo. Tazama na mwendo wa kundi, ulikate mbele.

Sasa chambo. Chambo bandia kinataka mwendo wa noti 6 mpaka 8, yaani maili za baharini kwa saa. Kibua kizima kinataka pole pole, karibu nusu ya hapo, ama kitaanza kuzunguka na hakuna samaki atakayekiamini. Kwa nguru weka waya mfupi mbele ya ndoana, maana meno yake yanakata nailoni mara moja. Kwa jodari waya toa: ana macho makali, na maji yakiwa safi anauona.

Jodari wakizama, zima mashine, uwaite kwa vipande vya vibua. Kata vidogo, tupa kimoja, kingoje kipotee machoni, ndipo utupe kingine. Ukimwaga ndoo nzima umewashibisha. Ndoana yako ivae kipande kama hivyo hivyo, bila risasi ya kuizamisha, ili izame kwa mwendo ule ule wa vipande vingine. Jodari anakitambua kinachokwenda kinyume na wenzake. Angalia pia upepo: ukiisukuma boti huku na mkondo ukapeleka vipande kule, unalisha samaki ambao ndoana yako haiwafikii.

Felusi ni mwepesi zaidi, ukilipata lile gogo nililolitaja. Wanakaa chini yake makundi. Wa kwanza akinasa usimpandishe haraka. Mwache majini karibu na boti, wenzake watamfuata na kubaki hapo. Mpandishe pale tu mshipi mwingine ukishakamata, uwe daima na mmoja majini.

Ila papa wakianza kuonekana, acha kutupa vipande, pandisha mishipi yote, washa mashine uhamie mbali, upande mkondo unakotoka, ambako harufu ya chambo chako haijapita.