Kabla hujatia rozmari kwenye shampuu

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wateja wa shampuu yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, ni hili: "Dada, hii inakuza nywele?" Jibu langu linanipunguzia mauzo. Shampuu hukaa kichwani dakika mbili tatu, kisha inasuuzwa. Mzizi wa unywele uko ndani ya ngozi, milimita kadhaa chini. Kwa muda huo mfupi, sitegemei rozmari, mwarobaini wala mshubiri ufike huko na kuamsha kitu.

Rozmari nayo nisiionee. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa Iran uliolinganisha mafuta yake na minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 2 kwa wanaume 100 wenye upara wa kurithi, na baada ya miezi sita matokeo yalikaribiana. Ila mafuta yale yalipakwa yakaachwa kichwani. Hayakusuuzwa.

Nywele hukua zenyewe, sentimita 1 hivi kwa mwezi, zetu za kipilipili pungufu kidogo. Wengi wanaolalamika kuwa zao "zimegoma" zinakua vizuri tu, zinakatika nchani kwa kasi ileile. Kila mahali unywele unapojikunja ni mahali dhaifu, na mafuta ya ngozi hayafiki hadi nchani. Ongeza baridi kavu ya Mbeya ya Juni na Julai, maji ya moto na sabuni ya mche, ambayo pH yake (kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni chachu, juu ya 7 si chachu) ni 9 hadi 10: magamba yanayofunika unywele yanainuka, yanakwaruzana, chanuo linamalizia. (Kama tatizo ni mapunye, au kipaji kimerudi nyuma kwa kusuka kwa kukaza, usije kwangu. Nenda hospitali, na mwambie msusi alegeze mkono.)

Kwa hiyo ninachotengeneza ni shampuu ya kuzuia kukatika.

Chemsha lita moja ya maji, ipua, tia gramu 30 za rozmari kavu, funika. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanatokota kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo. Ukiyaacha yaendelee kutokota hayaongezi moto, na ile harufu nzuri inayojaa jikoni ndiyo mafuta ya rozmari yanayokuaga. Yakipoa, chuja kwa kitambaa mara mbili.

Kwa lita moja ya shampuu natumia gramu 100 za slesi nzito (SLES, kisafishaji kinachotoa povu), ile ya asilimia 70, na gramu 80 za betaini, kisafishaji kipole ambacho huipunguzia slesi ukali. Usiimwagie slesi maji yote kwa mpigo, itageuka jeli yenye mabonge ambayo hata mwiko hauyawezi. Ongeza maji ya rozmari kidogo kidogo, koroga taratibu bila kuamsha povu, mabonge yakibaki yaache hadi kesho yake. Gliserini gramu 20 inatosha.

Sasa kihifadhi, na hapa huwa nagombana na watu. Maji ya majani ni chakula cha ukungu na bakteria. Shampuu ya majimaji isiyo na kihifadhi chochote inaanza kuharibika ndani ya siku chache, hata kama lebo inajisifu "haina kemikali". Vihifadhi vyangu ni viwili: sodiamu benzoeti gramu 5 na potasiamu sobeti gramu 2. Zitangulie kabla ya asidi, maana zenyewe hupandisha pH. Wapo wanaotia fomalini, yaani fomaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji, kwa mazoea ya sabuni ya maji. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka fomaldehaidi kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004. Kichwani mwa mwanangu haiendi.

Kisha yeyusha asidi ya sitriki kwenye maji kidogo, tia tone kwa tone, pima kwa karatasi ya pH, tia tena hadi ifike 5. Ikibaki 7, benzoeti yote uliyoweka haikusaidii kitu, kwa sababu hufanya kazi kwenye uchachu tu.

Ukitaka kuuza, vipodozi vinasajiliwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, si tena ile iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Na ukiandika kwenye chupa kwamba inatibu upara, umeshaingia kwenye dawa.

Chumvi ndiyo ya mwisho, nayo ina hila. Inafanya shampuu iwe nzito hadi kiwango fulani. Ukipitiliza inarudi kuwa maji na hakuna cha kuirudisha zaidi ya kuizimua. Baridi nayo huifanya nzito. Ukipima uzito wake asubuhi ya Julai pale Uyole utaridhika mapema, chupa ikifika kwenye joto la Kyela inamwagika kama chai. Weka kikombe chake kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 25 hadi 30, ndipo uamue kama chumvi imetosha.