Maswali na Majibu: Kazi ya Kitengo cha Mapitio ya Vifo na Huduma kwa Wafiwa Hospitalini

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ambayo wafiwa, wanafunzi wa uuguzi na hata madaktari wenzetu hutuuliza tunapowaambia kwamba tunafanya kazi katika kitengo kinachopitia vifo vya hospitali na kuwahudumia wafiwa. Ili majibu yaeleweke, tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano huo ni wa kutungwa, lakini kila aliyewahi kufanya kazi hii atautambua.

Kitengo hiki kinafanya kazi gani hasa?

Kinafanya kazi mbili zinazotegemeana. Ya kwanza ni kuhakikisha kwamba maelezo ya kila kifo kilichotokea hospitalini yanasomwa upya na daktari ambaye hakumtibu marehemu, ili sababu ya kifo iandikwe kwa usahihi, kasoro za matibabu zibainike kama zipo, na vifo ambavyo sheria inataka vichunguzwe, kama vile vya ajali, sumu, kujiua au vilivyotokea kizuizini, vipelekwe kwa mamlaka husika bila kuchelewa. Ya pili ni kuwa karibu na wafiwa tangu wanapopewa taarifa: kuwaeleza hatua zinazofuata, kuwasaidia kupata hati, kuhakikisha wanakabidhiwa vitu vya marehemu, na kuwaunganisha na washauri nasaha pale wanapowahitaji.

Daktari hafanyi kazi hii peke yake. Mara nyingi mhimili wa kitengo ni muuguzi au ofisa mzoefu anayejua kusoma jalada la mgonjwa na pia anajua kuzungumza na mtu aliyefiwa saa chache zilizopita. Si kila mtu hodari katika jambo la kwanza huwa hodari katika la pili.

Kwa nini kila kifo kipitiwe, hata cha mtu aliyekuwa mgonjwa sana?

Kwa sababu kifo kinachotarajiwa ndicho kinachoulizwa maswali machache zaidi. Ulimwengu ulilipata somo hili kwa njia chungu kupitia kisa cha Harold Shipman, daktari wa Uingereza aliyetiwa hatiani Januari 2000 kwa kuwaua wagonjwa wake 15, na ambaye tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ilibaini baadaye kwamba alikuwa ameua zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa wazee, na kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiandika sababu za vifo hivyo, mara nyingi hapakuwa na jicho la pili la kushtuka. Utaratibu wa kutumia daktari huru wa kupitia vifo ulikuja polepole; Uingereza na Wales waliufanya kuwa takwa la kisheria tarehe 9 Septemba 2024, kwa vifo vyote visivyochunguzwa na mamlaka ya vifo vya mashaka.

Wahalifu wa namna hiyo ni wachache mno. Tunachokutana nacho kila wiki ni mambo ya kawaida zaidi: dawa iliyorukwa, majibu ya maabara ambayo hakuna aliyeyafungua, na hati iliyojazwa haraka mwishoni mwa zamu ndefu.

Mnaanzia wapi?

Tunaanza na jalada, kuanzia ukurasa wa mapokezi hadi maandishi ya mwisho. Chukulia mama wa miaka 68, mwenye kisukari, aliyeteleza akavunjika nyonga, akapasuliwa, na kufariki ghafla siku ya tisa. Daktari wa zamu, ambaye hakuwahi kumwona akiwa hai, ameandika katika hati kwamba sababu ya kifo ni «moyo kusimama». Maneno hayo ni ya kweli, ila hayasemi lolote, kwa kuwa hakuna anayekufa huku moyo wake ukiendelea kupiga.

Fomu ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina mistari ya (a) hadi (d): kwenye mstari wa (a) huandikwa hali iliyomuua mgonjwa moja kwa moja, na kila mstari unaofuata hueleza kilichosababisha kile kilicho juu yake, hivyo mstari wa chini kabisa uliojazwa ndio unaobeba chanzo cha yote. Pembeni huandikwa muda uliopita tangu kila hali ilipoanza hadi kifo. Sehemu ya pili ni ya magonjwa mengine yaliyochangia bila kuwa ndani ya mnyororo huo.

Tukirudi kwa mama yetu, jalada linaonyesha kwamba mguu wake wa kushoto ulivimba siku ya saba, na dakika chache kabla ya kufariki alishikwa na upungufu mkubwa wa pumzi. Baada ya kuzungumza na timu iliyomtibu, mnyororo unasomeka hivi: donge la damu kuziba mshipa wa mapafu, kutokana na damu kuganda katika mshipa wa mguu, kutokana na kuvunjika nyonga, kutokana na kuanguka. Kisukari kinakwenda sehemu ya pili. Angalia kilichobadilika: kifo kilichoonekana kuwa cha moyo sasa kimetokana na ajali, na katika nchi nyingi jambo hilo peke yake linatosha kukipeleka kwa mamlaka ya uchunguzi. Isitoshe, takwimu za taifa zinazotumika kupanga bajeti za afya hujengwa juu ya karatasi hizi hizi.

Lakini chati ya dawa nayo ina neno lake. Mgonjwa aliandikiwa sindano ya kila jioni ya kuzuia damu kuganda, na visanduku vya jioni mbili mfululizo viko wazi.

Mnapowapigia simu wafiwa, mnasema nini?

Tunaanza kwa kujitambulisha polepole na kutoa pole, kisha tunauliza kama wakati huo unafaa, kwa kuwa mtu anaweza kuwa njiani au amezungukwa na watu. Tunamtaja marehemu kwa jina au kwa uhusiano wake, «mama yako», wala si «mgonjwa wa kitanda cha sita». Tunaeleza sababu ya kifo kwa lugha anayoielewa. Halafu tunauliza swali ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha kazi yote: «Je, kuna jambo lolote katika matibabu ya mama lililokutia wasiwasi, au ambalo ungependa tulieleze?»

Baada ya swali hilo inabidi kunyamaza. Mfanyakazi mgeni hukimbilia kuujaza ukimya kwa maelezo, na hapo hupoteza kile alichopiga simu kukitafuta. Katika mfano wetu, binti anakaa kimya kwa muda, kisha anasema: «Mama alimwambia muuguzi tangu Jumatatu kwamba mguu unamuuma.» Jalada linautaja mguu kwa mara ya kwanza siku ya Jumatano. Siku hizo mbili hazikuwa kwenye karatasi yoyote. Zilikuwa kwa binti tu.

Tusichokifanya ni kuahidi tusichoweza kutimiza, au kusema «alikuwa mzee» kana kwamba hilo ni jibu.

Je, mapitio haya ni njia ya kumtafuta wa kumlaumu?

Hapana, ingawa tunaelewa kwa nini wahudumu huingiwa na hofu. Lengo ni kujua kilichotokea na kwa nini, na msingi huu una historia ndefu katika vifo vya uzazi: Uingereza na Wales walianza mwaka 1952 mapitio ya siri ya kitaifa ya vifo vya kina mama, wakificha majina ili watu waseme ukweli. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza aina tatu za kuchelewa zinazosababisha vifo hivyo, yaani kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kukifikia kituo, na kuchelewa kupata huduma baada ya kufika. Ugawaji huo unatufaa hadi leo, hata kwa vifo visivyo vya uzazi.

Katika kikao cha mapitio ya mama yetu inagundulika kwamba alihamishwa wodi jioni ya siku ya tano, na chati yake ya dawa ikabaki wodi ya kwanza hadi siku ya saba asubuhi. Muuguzi wa wodi ya pili hakuiruka sindano kwa uzembe. Hakuwa na karatasi inayomwambia kwamba sindano ipo. Ukimwadhibu muuguzi huyo na kuacha utaratibu wa kuhamisha wagonjwa ulivyo, mgonjwa mwingine atapatwa na yale yale chini ya muuguzi mwingine. Hata hivyo, nisieleweke vibaya: neno «mfumo» lisigeuzwe kuwa kichaka cha kujificha. Panapokuwa na dalili za uzembe wa makusudi au jinai, suala hilo huondoka mikononi mwetu na kwenda kwenye bodi za taaluma au vyombo vya sheria.

Familia ina haki ya kuelezwa matokeo?

Ndiyo, na inapaswa kuelezwa ana kwa ana ikiwezekana, na daktari mwandamizi, kwa maneno yasiyozunguka. Binti ataambiwa kwamba sindano mbili hazikutolewa, kwamba zingeweza kupunguza hatari ingawa hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba zingemwokoa mama, na kwamba hospitali inaomba radhi.

Uchunguzi wa maiti ni wa lazima?

Unapoagizwa na mamlaka kisheria, kwa kawaida familia haiwezi kuuzuia, ila inaweza kueleza mahitaji yake, yakiwemo ya imani na ya haraka ya mazishi. Unapoombwa na hospitali kwa ajili ya kujifunza, ni lazima familia iridhie, na ina haki ya kukataa.

Huzuni ya kawaida inatofautianaje na ile inayohitaji matibabu?

Kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, hasira, kujilaumu, hata kudhani umesikia sauti ya marehemu, yote haya hutokea kwa watu wasio na ugonjwa wowote. Wengi wamesikia habari za hatua tano za majonzi na huhofu kwamba wamekosea mpangilio. Ni vyema wajue kwamba Elisabeth Kübler-Ross, aliyezieleza mwaka 1969, alizitoa kwa wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe, na hakuna sheria inayomtaka mfiwa azipitie kwa zamu.

Toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, linatambua majonzi ya muda mrefu kuwa ugonjwa pale ambapo shauku kali ya kumtaka marehemu, au kumfikiria kupita kiasi, inadumu miezi 6 au zaidi, inavuka kile kinachotarajiwa katika jamii na imani ya mhusika, na inamzuia kuendesha maisha yake. Mfiwa anayezungumzia kutaka kufa asingoje miezi hiyo; apelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Kwa watoto wadogo, semeni «amekufa» na mweleze kwamba mwili wake haufanyi kazi tena. Mtoto aliyeambiwa kwamba bibi amelala anaweza kuanza kuogopa kitanda chake.

Na nyinyi mnaofanya kazi hii, mnaimudu vipi?

Kwa kupokezana simu, kwa kutosoma majalada ya watoto wawili mfululizo inapowezekana, na kwa kuwa na mtu wa kuzungumza naye kabla ya kwenda nyumbani. Wahudumu wa wodini waliompoteza mgonjwa nao ni sehemu ya kazi yetu, kwani mara nyingi hawaulizwi hali.

Ni swali gani wafiwa huwauliza zaidi?

Watu hudhani ni «nani alikosea». Tunalolisikia mara nyingi zaidi ni «alikuwa na nani?» Binti wa mfano wetu angeuliza hivyo, na jalada lisingemjibu, kwa sababu muuguzi aliyeushika mkono wa mama wakati wengine wakikimbilia oksijeni hakuona kwamba hilo ni jambo la kuandika. Ilibidi tumtafute zamu ya usiku, tumuulize. Siku hizi fomu yetu ya mapitio ina mstari wa kujaza ni nani alikuwa kando ya kitanda.